Fungua na Fungula: Asili ya Neno Moja



Dominika moja ya Kwarezima, katika kikanisa kimoja cha upande wa Mitwaba, tulikuwa tukiwafundisha wakatekumeni habari ya kufufuka kwa Lazaro. Kama ilivyo desturi yetu, baada ya kuisoma Injili tulimwomba mtu mmoja aisimulie tena kwa maneno yake mwenyewe, ili tujue kama watu wameisikia vema. Akasimama mama mmoja mzee, ambaye vijana wote humwita nkambo. Aliisimulia vizuri sana. Alieleza jinsi Marta alivyotoka kumlaki Bwana, jinsi Yezu alivyolia, jinsi jiwe lilivyoondolewa. Alipofika mahali Bwana anapowaamuru watu wamtoe Lazaro katika vitambaa vya maziko, mama akainua mkono akasema kwa sauti kubwa: "Mumufungule!"

Kijana mmoja, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Lubumbashi, akacheka. Wengine wakacheka naye. Na sisi, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, tukamsahihisha yeye aliyesema. Tulimwambia, "Mama, si mumufungule. Kiswahili safi ni mfungueni." Mama akanyamaza, akaketi. Dominika iliyofuata tulimwomba asimulie tena, akatikisa kichwa. Dominika ya tatu ikawa vivyo hivyo.

Jambo hilo lilitusumbua rohoni. Tukaanza kujiuliza: Neno hili kufungua latoka wapi? Na kwa nini watu wetu wa Katanga husema kufungula, wakati vitabu husema kufungua? Katika kutafuta tuliona kwamba siku ile mwalimu hakujua alichokuwa akikisahihisha. Basi twapenda kuwaeleza ninyi wasomaji mambo tuliyoyapata, kwa maana neno hili dogo limebeba historia kubwa, na tena limo ndani ya imani yetu.

Neno na jamaa yake

Neno funga lajulikana na kila mtu. Twafunga mlango, twafunga mbuzi kwa kamba, twafunga mzigo wa kuni, twafunga jeraha kwa kitambaa. Ukitaka kusema kazi ya kinyume, huna haja ya kutafuta neno jipya kabisa. Waingiza sauti moja ndogo tu karibu na mwisho, na funga yawa fungua. Sauti hiyo u ndiyo ifanyayo kazi yote.

Wala neno hili haliko peke yake. Lina ndugu wengi nyumbani, jikoni na shambani. Mwindaji hutega mtego, na mtu akiuharibu, ameutegua. Mama hutandika mkeka, kisha huutandua. Nguo zilizofuliwa huanikwa juani, na jioni huanuliwa. Macho hufumbwa, kisha hufumbuliwa. Chupa huzibwa na huzibuliwa. Chungu hufunikwa na hufunuliwa. Shimo hufukiwa na hufukuliwa. Nyumba huezekwa kwa nyasi, na nyasi zikioza huezuliwa. Mtu hupakia mizigo kwenye gari, na akifika huipakua. Asubuhi twavaa nguo, usiku twazivua. Uzi uliotatana hutatuliwa, na ndiyo maana twasema pia kwamba wazee wametatua shauri, kwa sababu shauri gumu ni kama uzi uliojisokota.

Mara nyingine u hiyo hugeuka kuwa o, kama sauti iliyotangulia ni o. Kwa hiyo twashona na kushonoa, twachoma mwiba na kuuchomoa, twakomea mlango na kuukomoa. Walimu wa sarufi wameipa kauli hii jina la kutendua, nao wameliunda jina lenyewe kwa njia ile ile: tenda, tendua.

Tazama sasa jinsi mpango huu ulivyo mzuri. Wazee waliotuachia lugha waliona kwamba kazi nyingi za mwanadamu huenda wawili wawili, kazi ya kufanya na kazi ya kurudisha. Wakaziweka katika maneno pacha, ili mtoto akijifunza moja apate na la pili.

L iliyopotea

Tuje sasa kwenye ile l iliyotuletea aibu kanisani.

Kiswahili ni lugha ya jamaa kubwa ya Kibantu, pamoja na Kiluba, Kisanga, Kibemba, Lingala na nyingine nyingi. Ukiweka maneno ya ndugu hawa pamoja, utaona jambo la ajabu. Kiswahili cha pwani husema mvua. Kiluba husema mvula, Kibemba husema imfula, Lingala husema mbula. Kiswahili cha pwani husema njaa. Kiluba na Lingala husema nzala, Kibemba husema insala. Watu wa pwani husema kukaa, na Wabemba husema ukwikala. Watu wa pwani husema kuvaa, na Wabemba husema ukufwala. Kila mara ndugu hawa wana l, naye Mswahili wa pwani hana.

Je, ni ndugu wote walioongeza l, au ni yule mmoja aliyeiangusha? Jibu limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Chukua neno fungua, ulitie mkia. Hutasema mlango umefunguiwa. Utasema mlango umefunguliwa. Na ukimfungulia mgeni, l yarudi tena. Ndivyo ilivyo kwa kuzaa na kuzaliwa, kuvaa na kuvaliwa, kukaa na kukaliwa, kutatua na kutatuliwa. Ile l haikufa. Imejificha tu nyumbani, na neno likirefuka yatoka nje. Desturi hiyo imepata nguvu hata maneno ya kigeni yameifuata, kama vile kusahau na kusahauliwa.

Wataalamu wa lugha wameyachunguza mambo haya kwa muda mrefu. Mjerumani Carl Meinhof alitoa mwaka 1899 kitabu chake cha kulinganisha sauti za lugha za Kibantu. Mbelgiji A. E. Meeussen, katika kazi yake iliyochapwa Tervuren mwaka 1967, aliorodhesha viambishi vya zamani vya lugha hizo, na kati yake mna kile cha kutendua, ambacho leo husikika katika lugha nyingi kama -ula, pamoja na mwenzake -uka. Kibemba husema ukwisala kwa kufunga mlango na ukwisula kwa kuufungua. Husema ukukaka kwa kufunga kwa kamba na ukukakula kwa kufungua kamba. Lingala husema kokanga kwa kufunga na kokangola kwa kufungua aliyefungwa.

Basi, ndugu wasomaji, mwaona. Zamani za kale kiambishi hiki kilikuwa na konsonanti yake. Kiswahili cha pwani kiliiangusha. Mama yetu mzee aliposema mumufungule, hakulivunja neno. Alilisema kwa sura iliyo karibu zaidi na ile ya mababu. Sisi tuliokuwa na kitabu mkononi ndio tuliokuwa na sura mpya.

Neno lilivyofika kwetu

Pengine mtu atauliza: Je, watu wa Katanga waliipata l hiyo kutoka pwani kabla haijapotea? Hapana. Historia haikwenda hivyo.

Kiswahili kilifika kwetu kwa njia ya biashara. Katika miaka ya kati ya karne ya 19, Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa na Wanyamwezi wa nchi ambayo leo ni Tanzania, alikuja akajenga ufalme wake wa Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Watu wake huitwa Wayeke. Misafara ilitoka kwake na shaba, pembe za ndovu na watumwa. Mingine ilielekea mashariki mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na mingine magharibi mpaka pwani ya Angola. Msiri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, walipofika watu wa msafara wa Kapteni Stairs waliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili.

Katika siku hizo neno kufunga halikuwa neno la mlango tu. Lilikuwa neno la shingo. Watumwa walifungwa kwa minyororo, au shingo zao zilitiwa katika mti wenye panda uitwao kongwa, nao wakatembea hivyo miezi mingi. Mtu aliyelisikia neno kufunguliwa njiani hakufikiri habari ya mlango. Alifikiri habari ya shingo yake.

Upande wa Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe waliichukua Mpala mwaka 1885. Walikitumia Kiswahili katika kufundisha, nao walikomboa watoto wengi waliokuwa wakiuzwa. Mwaka 1888 mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, alikaa kando ya ziwa akiwalinda watu na wawindaji wa watumwa, akafa huko mwaka 1927. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa daraja ya upadri, akawa wa kwanza katika Wakongomani wa siku za misioni mpya.

Hapa yafaa tumkumbuke katekista mmoja, maana sisi makatekista twapaswa kumjua. Ni Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi iliyo karibu na Timbuktu. Alipokuwa mtoto aliibwa akauzwa. Mapadri Weupe walimkomboa katika Algeria, wakampeleka Malta kusoma uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akawa katekista na mganga hapo zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyefunguliwa alitumia maisha yake yote kuwafungua wengine, roho na mwili.

Baadaye yakaja machimbo. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka huo huo Wabenedikto walifika Katanga, na Jean-Félix de Hemptinne akawa mkuu wa misioni yao. Watu wa kazi walikuja kutoka kila upande: Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, watu wa Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana kazini, sokoni na kanisani. Hata hapa Mitwaba, nchi ya machimbo ya bati, ndicho kilichowaunganisha.

Watu hao walipokipokea Kiswahili, midomo yao ilikuwa imekwisha kuzoea -ula ya nyumbani. Walisikia fungua, wakamtambua humo ndugu wa maneno yao wenyewe, wakalitamka kwa jinsi walivyozoea: fungula. Vivyo hivyo wakasema kuvala na kuzala. Basi l ile iliyopotea pwani ilirudishwa huku bara na ndugu walioihifadhi. Mtoto aliyesahau jina la babu yake amefika safarini, akalikuta limetunzwa na binamu zake.

Hatusemi kwamba tuache kufundisha kufungua. Kiswahili cha vitabu ni mali ya watu wengi, kutoka Mombasa hata Kolwezi, na mtoto wetu asipokijua atapata taabu shuleni na ofisini. Lakini kufundisha sura moja si kuidharau nyingine.

Kufunga kinywa na kufungua kinywa

Neno kufunga lina maana nyingine ambayo kila Mkristu aijua katika Kwarezima, nayo ni kujinyima chakula. Kwa nini tuseme mtu asiyekula amefunga? Twaweza kuona mfano wake upesi: amekifunga kinywa chake, kama mtu afungavyo mlango wa ghala.

Waislamu wa pwani wametumia mfano huo huo hata katika kuhesabu miezi. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo mosi, kisha Mfunguo pili, na hivyo hivyo mpaka Mfunguo tisa. Maana yake ni kwamba wanahesabu miezi tangu siku walipofungua. Na katika Tanzania chakula cha asubuhi huitwa kifungua kinywa.

Tulifikiri kwamba mfano huu ni wa Waafrika tu. Sivyo. Kiingereza kina kitenzi fasten, yaani kufunga au kukaza, na kinyume chake ni unfasten, yaani kufungua. Asili ya fasten ni neno la zamani lenye maana ya kitu imara, kilichoshikwa sana. Na kutoka shina hilo hilo limetoka neno fast lenye maana ya kutokula, kwa sababu afungaye hujishika, huikaza nia yake asilegee. Chakula cha asubuhi cha Waingereza huitwa breakfast, maana yake kuvunja mfungo. Na Wafaransa je? Neno lao déjeuner, ambalo sisi Wakongomani twalitamka kila siku, limetoka katika Kilatini cha zamani kwa maana ya kuuondoa mfungo. Kwa hiyo Mswahili wa Dar es Salaam, Mwingereza wa London na mwanafunzi wa Lubumbashi, kila mmoja akiketi asubuhi mbele ya chai yake, hutumia neno lililotoka katika wazo moja.

Kutofunga si kufungua

Kuna jambo moja zaidi ambalo Kiingereza chaweza kutuonyesha. Waingereza wana silabi un- mbele ya maneno mengi. Katika unhappy, yaani asiye na furaha, silabi hiyo yakana tu. Katika unfasten haikani, bali yarudisha nyuma kazi iliyokwisha kufanyika. Leo hizo mbili zasikika sawa, lakini wataalamu wa historia ya Kiingereza waonyesha kwamba zilitoka katika mashina mawili mbalimbali. Moja ni ya kukana, nyingine ni ya kutendua. Wakati umezifananisha.

Kiswahili hakikuzichanganya kamwe. Kukana kuna njia yake: hakufunga, asiyefunga, kutofunga. Kutendua kuna njia yake: alifungua, aliyefungua, kufungua. Mlango usiofungwa na mlango uliofunguliwa wote wawili wako wazi, lakini habari zao si moja. Wa kwanza haukupata kufungwa. Wa pili ulifungwa, akaja mtu mwenye ufunguo.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, kumbe ndani yake mna mafundisho ya dini. Mtu asiyetenda dhambi na mtu aliyesamehewa dhambi hawana historia moja. Adamu kabla ya kuanguka hakuwa amefungwa. Sisi tumefungwa, na ndiyo sababu twahitaji kufunguliwa. Mungu hatuambii kwamba hatukufungwa kamwe. Dhambi ilitendeka, na yeye aifungua kamba yake. Watu wa Mitwaba walioyaona mambo ya miaka 2005 na 2006, vita vilipowakimbiza wanavijiji wengi wakaja kujibanza mjini, wanayaelewa haya bila kuelezwa. Walifunga mizigo usiku. Waliorudi baadaye wakaifungula mizigo hiyo mbele ya nyumba zilizobomoka. Hawakusema kwamba hawakukimbia. Walisema kwamba wamerudi.

Funguo na mafundo

Katika Injili ya Mateo Bwana alimpa Petro funguo za Ufalme, akampa mamlaka ya kufunga na kufungua. Katika Kiswahili maneno haya ni ya ukoo mmoja: ufunguo, kufunga, kufungua. Padri anapotoa maondoleo katika sakramenti ya Kitubio kwa Kilatini, hutumia neno absolvo, na ndani yake mna solvere, yaani kulegeza, kufungua kilichokazwa. Basi anayetoka katika kiti cha ungamo ni mtu aliyetolewa kongwa shingoni.

Luka naye atueleza habari ya mwanamke aliyekuwa amepindana mgongo miaka 18. Yezu alimponya siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi akakasirika. Bwana akamjibu kwa mfano wa kazi ya nyumbani: kila mtu humfungua ng'ombe au punda wake siku ya Sabato ampeleke kunywa maji, je, huyu binti wa Abrahamu aliyefungwa na Shetani miaka yote hiyo haifai kufunguliwa? Tazama, Bwana hakuliona neno la zizini kuwa ni dogo mno kwa kuelezea wokovu.

Wakristu wa kale nao walipenda mfano huu. Mtakatifu Irenei, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alifundisha kwamba fundo lililofungwa na uasi wa Eva lilifunguliwa na utii wa Bikira Maria. Kutokana na fundisho hilo, karibu mwaka 1700, kulichorwa katika mji wa Augsburg, Ujerumani, picha ya Maria akiwa na utepe mrefu mikononi, akifungua mafundo yake moja moja. Marehemu Papa Fransisko, alipokuwa bado padri, aliipenda picha hiyo akaisaidia kujulikana katika Argentina. Wengi leo humwomba Bikira Maria kwa jina hilo, Mfungua Mafundo. Na mfungua mafundo hana haraka. Akivuta kwa nguvu, fundo lakaza zaidi.

Lakini maneno mawili ya Injili ndiyo yaliyotuchoma sisi zaidi. La kwanza ni lile la Lazaro. Aliyemfufua ni Yezu peke yake. Kaburini alimwita mwenyewe, na wafu humtii yeye tu. Lakini vitambaa hakuvifungua yeye. Aliwaambia waliosimama pale wavifungue. Kazi ya uzima ni yake, na kazi ya kufungua ametugawia sisi. La pili ni habari ya bubu-kiziwi katika Injili ya Marko. Yezu aligusa masikio na ulimi wake, akatamka neno la Kiaramu, Effata, maana yake funguka. Marko asema kwamba kifungo cha ulimi wake kikalegea, akanena vizuri. Kanisa limelihifadhi neno hilo katika ibada ya Ubatizo, padri anapogusa masikio na kinywa cha mbatizwa.

Basi yule mama mzee alikwisha kuguswa kinywa. Yezu alimfungua ulimi, nao ulimi ulikuwa ukimtukuza Mungu mbele ya watu. Nani aliyeufunga tena? Ni sisi tuliokuwa tumesimama pale, tulioagizwa kufungua.

Siku ya Jumamosi tulikwenda nyumbani kwake. Tulimkuta akipepeta mahindi. Alitupa kigoda tukaketi, na tulimweleza habari zote hizi kwa ufupi: mvula na mvua, nzala na njaa, na ile l iliyopotea pwani ikatunzwa na wazee wetu. Kisha tukamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, ungo magotini, halafu akasema: "Mwalimu, mimi nilizania Mungu hasikie Kiswahili yangu."

Ndugu zangu makatekista, na ninyi wazazi na vijana mliosoma, neno hilo tulitafakari sana. Sisi tulidhani tumesahihisha herufi moja. Yeye alisikia kwamba mlango wa sala umefungwa. Tufundishe Kiswahili cha vitabu shuleni, na tukifundishe vizuri. Lakini mzee asimamapo kanisani kusimulia matendo ya Bwana, tumwache aseme kwa ulimi aliopewa, na anayecheka anyamazishwe yeye.

Dominika ya Pasaka mama alisimama. Hatukumwomba. Alisimulia habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wakajiuliza ni nani atakayewavingirishia jiwe. Alipomaliza akasema kwamba waliikuta kaburi imefunguka. Mkianza kuyachunguza maneno, hilo ni neno moja ambalo pwani na bara tunalisema sawasawa.

Mwenyezi Mungu atufungue sisi sote, na atupe mikono ya kuwafungua wengine. Amina.